Kupima Madini Yaliyomo katika Mitishamba

Tangu kale Wadigo wa Kwale wana elimu yao ya miti. Katika misitu ya kaya, kama vile Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, kukata mti ovyo ni mwiko; na kwa sababu ya mwiko huo miti mingi ya dawa ingali imesimama. Huko Msambweni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikwenda kuuliza habari za dawa za malaria, na mwaka 2010 walichapisha orodha ya mimea ya aina 27.

Mganga hakukosa vipimo. Alipima majani kwa konzi, na dawa iliyochemshwa kwa kikombe. Ukali wake aliujua kwa ulimi. Lakini liko jambo ambalo ulimi hauwezi kulitambua, nalo ni madini. Mti hauumbi chuma wala risasi. Huyanyonya madini hayo udongoni kwa mizizi yake. Kwa hiyo majani ya mwarobaini mmoja yaweza kutofautiana na ya mwingine, ingawa uchungu wake ni ule ule.

Tena udongo wa Kwale si wa namna moja. Ufuoni Diani chini yake ni mawe ya matumbawe. Bara kidogo ya Msambweni mna mchanga wenye titani, uliochimbwa na kuuzwa ng'ambo mpaka mwaka 2024. Na katika kilima cha Mrima wapimaji wa miamba walikuta niobi katika miaka ya 1950. Majani yaliyochumwa mahali hapa matatu hayana budi kuulizwa kila moja peke yake.

Watu walijifunzaje kuyauliza? Mnamo mwaka 1859 Wajerumani wawili, Bunsen na Kirchhoff, walitambua kwamba kila metali ikitiwa motoni hutoa mistari ya mwanga iliyo yake peke yake. Mwaka uliofuata waligundua metali mpya, sesi, katika maji ya chemchemi. Kisha mwaka 1955 Alan Walsh wa Australia alieleza njia ya kupima kiasi chenyewe. Majani hukaushwa, husagwa na kupimwa uzito. Huyeyushwa kwa asidi kali, na maji yake hupulizwa katika ndimi za moto. Taa ya metali inayotafutwa huangaza kupitia moto huo. Kadiri metali hiyo ilivyo nyingi, ndivyo mwanga unavyopungua upande wa pili.

Kwa njia hii twaweza kuyapambanua madini yanayofaa na yanayodhuru. Chuma huhitajiwa na damu, na zinki husaidia mwili kukua. Bali risasi huharibu ubongo wa mtoto. Katika mwongozo wake wa mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitaja mpaka wa miligramu 10 za risasi katika kilo moja ya mitishamba, yaani gramu moja tu katika kilo mia. Ni kidogo mno. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na risasi hukaa mifupani miaka mingi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walionja uchungu wake wakati kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipofanya kazi kati yao, tangu mwaka 2007 hadi 2014. Udongo wao ulitiwa sumu, na watoto wakadhurika. Mwenye kuchuma dawa kando ya mahali kama hapo, au kando ya barabara kuu, hawezi kujua kwa macho anachochemsha.

Basi wako wanaodhani kwamba kipimo kimekuja kuwaaibisha wazee. Sivyo. Bila mzee, mwenye maabara hajui aanze na mti upi. Bila maabara, mzee hajui mti ule umekunywa nini ardhini. Nanyi vijana mnaosoma kemia, miti hiyo inawangoja. Ichukueni elimu ya kaya kwa heshima, kisha ipimeni.