Hisani na Utafutaji wa Wanachama katika Vyama vya Undugu na Udada vya Vyuo Vikuu vya Marekani, 1902–2018

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani kuna vyama vya wanachuo vinavyotambulishwa kwa herufi za Kigiriki: vyama vya undugu kwa wanaume na vyama vya udada kwa wanawake. Vyama hivyo vina viapo, ada na matawi katika vyuo mbalimbali, na vingi vina nyumba ambamo wanachama huishi pamoja. Vilevile vina tatizo la kudumu. Mwanachuo hukaa chuoni takribani miaka minne kisha huondoka; kwa hiyo tawi lisilopata wageni kwa miaka michache mfululizo hufa, na nyumba lililoikopea fedha hubaki na vyumba vitupu. Kutafuta wanachama wapya si shughuli ya pembeni katika maisha ya vyama hivyo, bali ni sharti la uhai wake.

Kwa zaidi ya karne moja shughuli za hisani zimekuwa zikiambatana na utafutaji huo. Katika vyama vingi vya udada leo, mojawapo ya siku za kuwapokea wasichana wanaotaka kujiunga hutengwa mahususi kwa ajili ya kuwaeleza kazi za hisani za chama. Wakosoaji huona hapo unafiki, ilhali watetezi huona ushahidi wa moyo wa kujitolea. Makala haya yanachunguza uhusiano huo kwa mifano mitatu: shule ya Gatlinburg iliyofunguliwa mwaka 1912, mradi wa afya wa Mississippi wa miaka ya 1935 hadi 1942, na dansi ya hisani ya Chuo Kikuu cha Penn State iliyoanza mwaka 1973. Hoja kuu ni kwamba kuchanganya hisani na utafutaji wa wanachama hakukuwa kasoro kwa chenyewe. Kilichotofautisha hisani yenye matunda na hisani ya maonyesho ni kama chama kilijifunga kwa mpokeaji mmoja kwa muda mrefu. Kilipojifunga hivyo, wageni walitafutwa ili kazi isife; kisipojifunga, kazi ilibuniwa ili wageni wapatikane.

2.0 Kugombea Wageni

Vyama vya mwanzo havikuundwa kwa ajili ya hisani. Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa mwaka 1776 katika Chuo cha William and Mary, Virginia, kilikuwa chama cha siri cha majadiliano ya kitaaluma. Kappa Alpha Society, kilichoanzishwa mwaka 1825 katika Chuo cha Union, New York, kiliweka mfano wa vyama vya urafiki na viapo ulioigwa na vyama vingine katika karne ya 19. Kadiri vyama vilivyoongezeka, ndivyo vilivyowagombea wageni. Wanachama waliwakimbilia vijana mara walipofika chuoni, wengine hata kabla ya kuandikishwa, na jina la Kiingereza la shughuli hiyo ya kila mwaka likabaki na maana hiyohiyo ya kukimbilia.

Ugomvi huo ulivisukuma vyama vya udada kukutana Chicago mwezi Mei 1902 na kuunda baraza la pamoja, ambalo leo huitwa National Panhellenic Conference. Miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyoshughulikiwa na baraza hilo ni kanuni za namna na wakati wa kuwaalika wageni. Tukio hilo lina uzito wa kihistoria, kwa sababu tangu hapo ushindani uliwekewa mipaka. Chama hakikuweza tena kutegemea haraka yake peke yake. Kilihitaji kueleza kinasimamia nini.

3.0 Shule ya Gatlinburg, 1912

Jibu la mapema kwa swali hilo lilitolewa na Pi Beta Phi, chama cha udada kilichoanzishwa mwaka 1867 katika Chuo cha Monmouth, Illinois. Katika mkutano wake mkuu wa mwaka 1910, chama kiliazimia kufungua shule milimani kwa heshima ya waasisi wake. Shule hiyo ilianza mwaka 1912 huko Gatlinburg, Tennessee, katika milima ya Appalachia, ambako nafasi za elimu zilikuwa haba. Baadaye huduma ya afya iliongezwa, na kuanzia miaka ya 1920 kazi za mikono za wafumaji wa eneo hilo zikauzwa kwa jina la Arrowcraft kupitia vikundi vya wanachama waliokwisha kuhitimu.

Mpango huu ulikuwa na sifa mbili. Kwanza, matawi yaliyotawanyika nchini yalipata kazi moja ya pamoja. Msichana aliyejiunga na tawi lolote aliikuta shule tayari ikisubiri mchango wake, na mhitimu aliyeondoka chuoni aliendelea kuwa na sababu ya kukutana na wenzake. Pili, kazi yenyewe ilifanyika mbali na macho ya wanachuo. Shule ilihitaji mwalimu, mafuta ya taa na paa lisilovuja katika kila majira, wala haikuweza kusubiri wiki ya kupokea wageni. Hisani ilikipa chama jambo la kuwaeleza wageni, lakini kalenda ya wageni haikuamua hisani ifanyike lini.

Hata hivyo, mradi huo haukuwa bila mushkeli. Wanawake wa mijini na vyuoni waliwaendea watu wa milimani wakiamini kwamba wao ndio wenye nuru, na taswira ya mlima uliosahauliwa ilisaidia kuchangisha fedha. Lakini muda uliurekebisha mpango. Elimu ya watoto ilipochukuliwa na serikali ya kaunti, chama hakikuondoka. Kazi iligeukia mafunzo ya sanaa na ufundi, na kutokana nayo ikazaliwa Arrowmont, shule ya sanaa inayoendelea hadi sasa.

4.0 Mradi wa Afya wa Mississippi, 1935–1942

Vyama vya Wamarekani Weusi vilizaliwa katika mazingira tofauti. Alpha Phi Alpha kilianzishwa mwaka 1906 katika Chuo Kikuu cha Cornell. Alpha Kappa Alpha mwaka 1908 na Delta Sigma Theta mwaka 1913, vyote viwili katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Kwa wanachama wake, waliokuwa wachache waliopata elimu ya juu katika jamii iliyobaguliwa kisheria, utumishi kwa umma haukuwa pambo. Aidha, uanachama wao haukuishia chuoni, kwani matawi ya wahitimu yaliendelea na kazi, nayo pia yalipokea wanachama wapya.

Mwaka 1934 Ida Louise Jackson, rais wa taifa wa Alpha Kappa Alpha, mzaliwa wa Vicksburg, Mississippi, na mwalimu wa Oakland, California, alianzisha masomo ya kiangazi kwa walimu wa vijijini katika Kaunti ya Holmes, Mississippi. Ilidhihirika upesi kwamba maradhi na lishe duni vilizuia elimu, kwa hiyo mwaka uliofuata mradi uligeukia afya chini ya uongozi wa daktari Dorothy Boulding Ferebee. Kila kiangazi hadi mwaka 1942 timu ya wanachama wa kujitolea, wakiwamo wauguzi na walimu, ilisafiri kwa magari yao hadi Mississippi, kwa kuwa safari ya treni kwa wanawake Weusi kusini mwa nchi ilijaa vikwazo na fedheha. Baadhi ya wenye mashamba walikataa kuwaruhusu wakulima wao, waliofanya kazi kwa kugawana mavuno, kwenda kliniki. Timu iliigeuza magari kuwa kliniki na kuwafuata wakulima mashambani. Maelfu ya watoto walipata chanjo za ndui na dondakoo. Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na mgawo wa petroli na matairi, vilihitimisha mradi.

Ukipimwa kwa lengo la kuvutia wanachama, mpango huu unaonekana kukosea kila hatua. Ulifanyika kiangazi, vyuo vikiwa vimefungwa. Ulifanyika mbali sana na Howard. Tena ulidai likizo, fedha na ujasiri wa wanachama wenyewe. Hapakuwa na mgeni wa kutazama. Hata hivyo, mradi huo umebaki miongoni mwa mambo yanayotajwa kwanza historia ya chama inaposimuliwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msichana aliyejiunga baada ya mwaka 1935 alijiunga na chama kilichokwisha kuonesha kinafanya nini pasipo kuonwa. Mkondo huohuo ulifika Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, Delta Sigma Theta kilipochangia huduma za uzazi katika hospitali ya misheni ya Thika, Kenya.

5.0 Dansi ya Penn State, 1973 na Kuendelea

Baada ya vita, vyama vingi vililaumiwa kwa mateso na fedheha walizofanyiwa wageni kabla ya kukubaliwa. Katika vyuo kadhaa wiki ya mateso ilibadilishwa kuwa wiki ya msaada, ambapo wageni walipaka rangi majengo au kusafisha viwanja vya umma. Mabadiliko hayo yalikuwa na manufaa, lakini kazi ilichaguliwa kwa sababu wageni walihitaji kupewa kazi, na ilikwisha wiki ilipokwisha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, katika kipindi cha maandamano dhidi ya vita vya Vietnam, wanachuo wengi waliviona vyama hivi kuwa mabaki ya zama zilizopita, na idadi ya waliojiunga ilishuka.

Ni katika mazingira hayo ambapo baraza la vyama vya undugu la Penn State liliandaa, mwaka 1973, dansi ya saa 30 mfululizo. Wacheza dansi 78 walishiriki na zaidi ya dola 2,000 zilipatikana. Tofauti na mifano miwili iliyotangulia, tukio hili lilifanyika chuoni, katikati ya muhula, mbele ya watazamaji. Lilikuwa na muziki, uchovu na ushindani, yaani mambo yanayomvutia kijana.

Katika miaka ya mwanzo fedha zilipelekwa kwa wapokeaji tofauti. Mwaka 1977 waandaaji walichagua mfuko wa Four Diamonds, ulioanzishwa mwaka 1972 na wazazi wa Christopher Millard, kijana aliyefariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 14. Mfuko huo husaidia familia za watoto wenye saratani wanaotibiwa Hershey, Pennsylvania. Tangu hapo mpokeaji hakubadilishwa. Familia ziliunganishwa na vikundi vya wanachuo, watoto wakahudhuria dansi, na wanachuo wakazijua sura za waliowachangia. Dansi, inayoitwa THON na ambayo leo huchukua saa 46, ilikua hadi kukusanya mamilioni ya dola kwa mwaka.

Vyama vilinufaika. Chama cha undugu kilijipanga pamoja na chama cha udada, kiasi kilichokusanywa kikawa sifa ya chama, na mgeni aliambiwa kwamba kujiunga ni kuingia katika kazi hiyo. Lakini hisani ilizidi kimo cha vyama vilivyoizaa. Wanachuo wasio wanachama waliunda vikundi vyao kwa ajili ya THON pekee, na baadhi ya vikundi hivyo vikashindana na vyama kwa kiasi cha michango. Chambo kilipokuwa kazi ya kweli, kilipata wafuasi ambao hawakuihitaji ndoana.

6.0 Mipaka ya Hisani

Ukubwa ulileta gharama zake. Kwa miaka mingi wanachuo walisafiri wakati wa mapumziko ya wiki kukusanya fedha kwa makopo kwenye njia panda na mbele ya maduka. Mwaka 2015 mwanachuo mmoja alifariki katika ajali ya gari akirejea kutoka safari kama hiyo, na baadaye ilikubaliwa kwamba safari hizo ziondolewe. Ushindani wa vyama, uliofaa kuongeza michango, ulikuwa umewaweka vijana barabarani.

Jambo zito zaidi lilitokea Februari 2017. Mwanachuo wa mwaka wa pili alifariki baada ya kunyweshwa pombe kupita kiasi na kuanguka katika usiku wa kupokelewa na chama kimoja cha undugu cha Penn State, na msaada uliitwa kwa kuchelewa. Wiki mbili baadaye THON ilifanyika kama ilivyopangwa na kukusanya zaidi ya dola milioni 10. Mwaka 2018 jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria kali zaidi dhidi ya mateso ya wanachama wapya. Matukio hayo mawili ya mwezi mmoja hayafutani. Fedha zile ziliwasaidia watoto wagonjwa, na kifo kile kilikuwa kifo. Hisani ilikuwa imebadilisha sababu za kijana kubisha hodi, lakini haikubadilisha yaliyomngoja baada ya mlango kufungwa.

7.0 Hitimisho

Wahenga husema: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Kwa kipimo hicho vyama vya undugu na udada havifaulu, kwa kuwa havikwenda zao. Vilitenda na kubaki kungoja wanachama. Historia iliyochunguzwa hapa inaonesha kwamba kubaki huko, pamoja na dosari zake, ndiko kulikokuwa na faida. Gatlinburg ilihitaji chama ambacho hakingeondoka. Wakulima wa Mississippi walihitaji watu watakaorudi kiangazi kingine. Watoto wa Hershey walihitaji mchango usiotegemea shauku ya kundi moja la wanachuo. Kwa kuwa wanachuo huondoka kila mwaka, ahadi ya muda mrefu iliwezekana pale tu wageni walipoendelea kupatikana.

Kwa hiyo, anayepanga shughuli ya hisani chuoni hana haja ya kuficha kwamba anatafuta pia wanachama. Swali la kujiuliza ni kama mpokeaji atamkuta tena mwakani, wageni wa mwaka huu wakiwa wamekwisha kupatikana. Na kwa kuwa hisani haimlindi mgeni, chama kinachojivunia kilichowatolea watu wa nje kina wajibu wa kupimwa pia kwa namna kinavyomtendea kijana aliyeingia jana.