Herufi ya Uaminifu

Ripoti ya mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania kwa kawaida ina sehemu mbili. Juu kuna masomo, alama, wastani na nafasi darasani. Chini kuna orodha ambayo wazazi wengi huipita haraka: bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, usafi, uaminifu. Kila tabia ina herufi yake. Lakini B ya uaminifu hupimwaje?

Swali hilo ni la zamani kuliko ripoti yenyewe. Mwaka 1883 Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Charles Lavigerie, alikuwa ameweka kanuni kali: mtu afundishwe miaka minne ndipo abatizwe, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa. Kujua katekisimu kwa moyo hakukutosha. Ilitazamwa pia namna anavyoishi. Mtihani ulikuwa na karatasi mbili, na ile ya mwenendo haikuwa na siku maalumu ya kufanyika. Ilifanyika kila siku.

Seminari zilirithi jicho hilo. Rubya, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba, ndiko alikosoma Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali katika nyakati hizi. Katika malezi ya seminari, kuongoza darasa hakukumhakikishia kijana kubaki. Walezi wakiona hana wito, alirudi nyumbani.

Baada ya uhuru, dola nayo ikataka kumpima mtu mzima mzima. Julius Nyerere, aliyewahi kufundisha katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu, aliukosoa utukufu wa mitihani katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Mwaka 1969 sheria iliziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali. Seminari zikabaki kwa Kanisa. Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma, ufukweni mwa ziwa hilohilo, na kutoka katika Azimio la Musoma kukaja maendeleo ya kila siku na tathmini ya tabia.

Karatasi ya pili ikafika kila shule, ila bila ile miaka minne ya kufahamiana. Mwalimu mwenye wanafunzi mia moja hujaza herufi zote jioni moja, na B hushuka ukurasa mzima kama mvua.

Leo shule nyingi za Kanisa husifika kwa ufaulu, na karatasi ya kwanza imeshinda. Hata uamuzi wa Baraza la Mitihani, Januari 2023, kuacha kutangaza shule na wanafunzi bora haujaondoa kiu ya nafasi ya kwanza.

Tusiutamani wakati wa Bukumbi bila tahadhari. Aliyekupima mwenendo alikuwa na uwezo wa kukufungia mlango, na hukuwa na pa kukata rufaa. Alama, kwa ubaridi wake, humlinda mtoto asiyependwa na mwalimu. Basi ziachwe juu. Ila pale chini, badala ya safu ya herufi, mwalimu anayemfahamu mtoto aandike sentensi moja ya kweli. Mzazi ataisoma, na akiona si haki, ataweza kuuliza.