Mkulima wa Lingeka na Hesabu ya Nguvukazi: Tanzania na Uganda

Tuchukue mfano wa mwanamke wa Lingeka, mkoani Simiyu, anayelima mtama na mahindi kwa chakula cha nyumbani kwake. Je, yumo katika nguvukazi ya taifa? Jibu hutegemea anahesabiwa katika nchi gani na kwa kanuni ya mwaka gani.

Swali hili lina historia. Kodi ya nyumba iliyowekwa na Wajerumani mwaka 1897 iliwasukuma wanaume kutafuta fedha taslimu. Chini ya Waingereza, manamba walisafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwanamume aliyeondoka aliandikwa katika daftari la mwajiri; mke aliyebaki akilima hakuandikwa popote. Baada ya uhuru mizani iligeuka. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye uwezo afanye kazi, na waliokamatwa mijini kama wazururaji walipelekwa vijijini. Sasa jembe ndilo lililokuwa ushahidi wa kazi.

Mwaka 1982 wanatakwimu wa kazi, waliokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, waliruhusu kilimo cha kujikimu kihesabiwe kuwa ajira, iwapo kinachangia sehemu kubwa ya mahitaji ya kaya. Mwaka 2013 walibadili kanuni: ajira ikawa ni kazi inayofanywa kwa ujira au faida. Kulima chakula cha nyumbani kuliendelea kuitwa kazi, lakini si ajira.

Hapo ndipo majirani wawili walipoachana. Utafiti wa Tanzania wa mwaka 2014 ulitoa kiwango cha ushiriki katika nguvukazi kinachozidi asilimia 80. Uganda, iliyofuata kanuni mpya, ilitangaza asilimia 52 katika utafiti wa 2016/17 na asilimia 48 mwaka 2021. Msomaji wa haraka atadhani kwamba Waganda wameacha kufanya kazi. La hasha. Utafiti huohuo wa 2016/17 ulionesha watu takriban milioni 15 wakifanya kazi, ila takriban milioni 9 tu ndio waliohesabiwa kuwa na ajira. Waliosalia walikuwa shambani, wakilima chakula chao.

Kila kanuni ina kasoro yake. Ile ya zamani humhesabu mwanamke wetu kuwa ameajiriwa, hata kama hapati senti mkononi. Hivyo ukosefu wa ajira huonekana mdogo kuliko adha inayowakabili wananchi. Ile mpya hufichua uhaba wa kazi za kipato, lakini humtoa katika nguvukazi mkulima huyo asiyetafuta wala kusubiri ajira, kana kwamba ameketi bure. Akilima pamba ya kuuza, anarudi katika hesabu. Jembe ni lilelile na jua ni lilelile.

Kwa mtumishi wa umma, suala hili si la kitaaluma tu. Takwimu za ajira huelekeza mipango ya mafunzo, mikopo na hifadhi ya jamii, na asiyeonekana katika hesabu ni rahisi kusahauliwa katika bajeti. Kwa hiyo hesabu zote mbili zitangazwe bega kwa bega: wangapi wanafanya kazi, na wangapi kazi hiyo inawapa kipato. Nasi, kabla ya kulinganisha asilimia za nchi mbili, tuulize kwanza kila nchi imemwita nani mfanyakazi.