Daktari wa meno kwa video: ilianzia wapi, na mama uitumie lini

Leo ni historia, lakini msikimbie. Historia hii mwishoni inafika hadi kwenye shavu la mtoto wako.

Swali linalokuja sana ni hili: "Nesi, mtoto jino linamuuma. Si nimpigie daktari video tu, amwone, atuandikie dawa, yaishe?"

Jibu langu ni ndiyo na hapana. Kabla sijakueleza, tuone kwanza walioanza kutibu kwa mbali walikuwa wanatafuta nini. Twende pamoja.

*1. KIKOHOZI KWENYE SIMU*

Alexander Graham Bell alisajili simu yake Marekani mwaka 1876. Miaka 3 tu baadaye, mwaka 1879, jarida la madaktari la Uingereza liitwalo The Lancet likaandika kisa cha familia iliyompigia daktari usiku wa manane. Walihofia mtoto ana ule ugonjwa wa koo unaomfanya akohoe kama anabweka, pumzi zikawa za shida. Daktari akasema mnyanyueni mtoto, mleteni karibu na simu nimsikie anavyokohoa. Mtoto akakohoa. Daktari akasema hapana, siyo ugonjwa huo. Wote wakalala.

Sasa angalia vizuri. Daktari yule hakutibu chochote kupitia simu. Alichofanya ni kuchambua: huyu anahitaji nitoke usiku huu, au anaweza kusubiri? Halafu kuna la pili: kuna mtu alimshika mtoto na kumsogeza kwenye simu. Shika mambo haya mawili, tutayakuta mbele.

*2. NESI WA UWANJA WA NDEGE*

Ruka hadi mwaka 1968, mjini Boston, Marekani. Hospitali ya Massachusetts General ilikuwa na kliniki ndogo kwenye uwanja wa ndege wa Logan. Manesi walikuwepo usiku na mchana, lakini daktari alikaa saa chache tu kwa siku, na kumtoa hospitali kuu kwenye foleni ya magari ilikuwa kazi. Dk. Kenneth Bird akaunganisha sehemu hizo mbili kwa televisheni ya pande zote mbili. Mgonjwa anamwona daktari, daktari anamwona mgonjwa.

Lakini nani aliyekuwa na mgonjwa pale chumbani, mikono yake juu ya mgonjwa? Nesi! Yule daktari aliona mbali kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye ujuzi karibu.

Huku kwetu hatukuwa na televisheni za namna hiyo, ila wazo lilikuwepo. Madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, walitumia redio ya upepo kuzungumza na hospitali za mbali za Afrika Mashariki. Wa mbali anaeleza hali ya mgonjwa, wa Nairobi anashauri: mtibuni hapohapo, au ndege ije. Ni uchambuzi uleule.

*3. SASA MENO*

Meno yalichelewa kidogo, na sababu yake unaijua: mdomo ni pango lenye giza. Bila kamera ndogo ya kuingia ndani, picha haina maana.

Mwaka 1994 jeshi la Marekani likajaribu katika jimbo la Georgia. Wagonjwa 15 walifanyiwa upasuaji wa fizi katika kambi ya Fort Gordon. Wiki moja baadaye walitolewa nyuzi kwenye kliniki ya kambi nyingine, Fort McPherson, umbali wa kilomita kama 190. Walipigwa picha kwa kamera ya mdomoni, picha zikasafiri kwa laini ya simu hadi kwa mtaalamu aliyewapasua. Wagonjwa 14 hawakuhitaji kurudi. Mmoja alipata matatizo, akaitwa.

Wengi wanashangilia wale 14 waliookoa nauli. Mimi kama nesi namwangalia yule mmoja. Mfumo mzuri ni ule unaomkamata yeye mapema na kumwambia njoo.

*4. WATOTO WA ROCHESTER NA CALIFORNIA*

Miaka ya 2000, wataalamu wa mji wa Rochester, jimbo la New York, walipeleka kamera hizo kwenye vituo vya kulelea watoto wadogo, wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Wasaidizi waliofundishwa walipiga picha, daktari akazitazama akiwa kwake. Karibu watoto 4 kati ya kila 10 walikuwa na meno yanayooza.

Jamani, hao ni watoto wenye meno ya utotoni! Na tusidhani ni Marekani tu. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza.

Kuanzia mwaka 2010, Dk. Paul Glassman na wenzake California wakasonga hatua nyingine. Wataalamu wa usafi wa meno walienda kwenye shule na nyumba za wazee, wakapiga picha na eksirei, daktari akapanga matibabu akiwa mbali. Wagonjwa wengi walimaliziwa palepale: kusafishwa, kupakwa dawa ya kulinda meno, kuzibwa kwa muda. Waliobaki walipelekwa kwa daktari. Mwaka 2014 jimbo likapitisha sheria ili bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini ilipie huduma hiyo. Kumbuka, hapa pia kuna mtu mwenye ujuzi na vifaa kando ya mgonjwa.

*5. MWAKA 2020 ULITUFUNDISHA KWA NGUVU*

Tarehe 25 Machi 2020, kwa sababu ya korona, kliniki za meno za Uingereza ziliambiwa zisimamishe huduma zote za kawaida za ana kwa ana. Wagonjwa wakahudumiwa kwa simu na video. Daktari aliweza kutoa vitu vitatu tu: ushauri, dawa za maumivu, na antibayotiki pale zilipohitajika. Waliohitaji mikono ya daktari walielekezwa kwenye vituo maalumu vya dharura. Milango ilianza kufunguliwa tena tarehe 8 Juni.

Hapo ndipo kikomo cha video kilipoonekana mchana kweupe. Video haizibi jino, haing'oi, haitoi usaha, haipigi eksirei.

Na antibayotiki je? Mama, nisikilize hapa. Dawa husafiri kwa damu. Jino likioza hadi ndani, mishipa yake ya damu hufa, kwa hiyo dawa haifiki pale wadudu walipojificha. Uvimbe unaweza kupungua, maumivu yakatulia, ukadhani amepona. Kumbe chanzo kipo palepale. Hakitoki mpaka jino litibiwe kwa ndani au ling'olewe. Hii ndiyo sababu sipendi kusikia "tuandikie tu dawa, nesi".

*6. KWA HIYO UITUMIE LINI?*

Video inafaa kuuliza: doa hili ni nini? Kidonda baada ya kung'olewa kinaendelea vizuri? Jino jipya limeota nyuma ya la zamani, niogope? Inafaa pia kama unaishi mbali, ili ujue uende lini na wapi kabla hujatoa nauli.

Ukipiga, wewe ndiye nesi wa Logan. Mpigaji video akiwa mmoja, mshikaji mtoto awe mwingine. Mswaki kwanza, mabaki ya chakula yatoke. Mlaze kichwa mapajani pako, karibu na dirisha, washa tochi ya simu. Vuta mdomo taratibu kwa kidole safi. Piga na picha za kawaida uzitume, maana video mara nyingi hukatakata na kuwa na ukungu. Mwambie daktari umri, uzito, homa, dawa ulizompa, na maumivu yameanza lini.

Usikae kusubiri video, nenda hospitali sasa hivi, ukiona:

– uvimbe wa shavu unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni
– mtoto hawezi kumeza mate, kufungua mdomo, au anapumua kwa shida
– uvimbe pamoja na homa, mtoto amelegea
– damu haikomi hata baada ya kubana kwa kitambaa safi
– jino la ukubwani limeng'oka kwa kuanguka. Lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Kama ni safi, lirudishe shimoni mwake. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa. Ufike ndani ya saa moja. Jino la utotoni usilirudishe.

Tangu 1879 hadi leo vifaa vimebadilika sana, kazi ni ileile: kujua nani aje sasa na nani asubiri. Daktari akiwa kwenye skrini akikwambia "mlete", usibishane naye, usiombe dawa ya kusogeza siku. Mlete.

Sehemu ijayo tutaongelea dawa ya meno yenye floridi: kiasi gani kwa mtoto wa mwaka 1, na kiasi gani kwa wa miaka 4. Mwenye swali aliache hapa chini, na umtumie mama mwenzio hii. Usiku mwema.