Upupu na Pilipili katika Taarikh ya Kutibu Mwasho

Kitenzi washa kina kazi tatu katika lugha yetu: twawasha moto, pilipili yawasha ulimi, na upele wawasha ngozi. Asili yake ni moja, waka. Si haki kudai kwamba wazee walioutumia usemi huu walijua habari za mishipa ya fahamu. Walakini elimu ya tiba imezisogeza kazi mbili za mwisho karibu sana.

Mwalimu wa kwanza alikuwa upupu, ule umfanyao mtoto arudi kutoka vichakani akilia. Kwa miaka mingi madaktari waliitupia histamini lawama ya mwasho, na katika miaka ya 1940 dawa za kuizuia zikaanza kutumika. Lakini mwaka 1955 Walter Shelley na Robert Arthur, huko Marekani, walieleza kwamba vinyweleo vya upupu vina kimeng'enya kiwashacho, wakakiita mukunaini. Kinyweleo kilichochemshwa huchoma ngozi kama kawaida, ila hakiwashi. Mwaka 2008 watafiti wengine walionyesha kwamba kimeng'enya hicho chapita njia yake chenyewe, isiyo ya histamini. Hapo ndipo ilipoeleweka vizuri zaidi kwa nini wagonjwa wengi, mathalani wenye figo zilizoshindwa kazi, hujikuna usiku kucha ingawa wamemeza dawa hizo.

Pilipili kali ilitoka Amerika baada ya mwaka 1492, ikarithi jina la kiungo cha Bara Hindi, filfili ya Waarabu. Ndiyo maana ile ya kwanza yatuhitaji kuiongezea neno manga. Kiini cha ukali wake kilipewa jina la kapsaisini mwaka 1876. Jancsó wa Hungaria alionyesha kwamba kikirudiwa-rudiwa hutia ncha za mishipa uziwi. Mwaka 1997 maabara ya David Julius ikagundua lango kipitiamo, kazi iliyomfanya ashiriki Tuzo ya Nobel ya 2021. Na katika panya ilionekana kwamba mwasho wa histamini nao hulihitaji lango lilo hilo.

Malhamu ya kapsaisini imewapa nafuu baadhi ya wagonjwa wa figo. Taabu yake ni kwamba yapakwa mara kadhaa kwa siku, na siku za mwanzo yenyewe yawasha; wengi huiacha kabla haijawafaa.