Mninga Ukivuka Ruvuma

Mti tunaouita mninga huku Lindi na Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma huitwa umbila. Mkongo nao hugeuka kuwa chanfuta. Msitu ni uleule wa miombo. Mpaka waliuchora Wajerumani na Wareno. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua sera hufanya nini kwa mti hana haja ya kwenda mbali: aitazame Tanzania, kisha aitazame Msumbiji.

Kwa miaka mingi misitu yetu ya kusini ililindwa na ubovu wa barabara. Mto Rufiji ulikuwa askari mwaminifu kuliko wengi waliovaa sare. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magogo ya Rufiji na Kilwa yakapata njia ya kufika bandarini Dar es Salaam. Uchunguzi wa shirika la TRAFFIC uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha kumbukumbu za muuzaji na za mnunuzi: kwa mwaka 2005, China iliandika kuwa imepokea kutoka Tanzania mazao ya misitu mara kumi ya yale yaliyomo katika kumbukumbu zetu. Hasara ya mapato ilikadiriwa kuwa dola milioni 58 kwa mwaka. Kontena haipiti bandarini bila karatasi, na karatasi haijigongi muhuri yenyewe.

Msumbiji ilikuwa na sheria nzuri. Kanuni zake za mwaka 2002 zilitaka miti ya daraja la kwanza ipasuliwe nchini kabla ya kuuzwa nje. Hata hivyo, mwaka 2012 China ilisajili takribani meta za ujazo 450,000 za mbao na magogo kutoka Msumbiji, ilhali vibali vya Msumbiji vya kuuza duniani kote vilikuwa takribani 260,000. Januari 2017 ikapiga marufuku usafirishaji wa magogo yote. Magogo yakaendelea kutoka. Mwaka huohuo vita vikaanza Cabo Delgado, na mkaguzi wa misitu akawa na sababu moja zaidi ya kutoingia porini.

Kwa hiyo, tukipima kwa wizi wa bandarini, nchi hizi ni ndugu. Zinatofautiana katika jambo ambalo wanafunzi wangu hulipita haraka: nani ana haki juu ya mti kabla haujakatwa. Kanuni za Msumbiji zinaipa jamii asilimia 20 ya ushuru ambao serikali imekwisha kukusanya, na utaratibu wa kuigawa ulitolewa mwaka 2005. Mwanakijiji hapo ni mpokeaji. Gogo likiibwa, kinachopotea kwanza ni fedha za serikali. Huku kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilikiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuuza miti yake na kubaki na mapato. Ni vijiji vichache vilivyoitumia ruhusa hiyo, na ofisi nyingi za wilaya hazikuifurahia, kwa sababu zinazoeleweka.

Lakini mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Huko mnunuzi wa mpingo hujadiliana bei na kamati ya kijiji, na kamati hiyo ndiyo inayohesabu visiki baada ya lori kuondoka.