Nyanya Alipomkosoa Mtafiti

Ukimhoji nyanyako kisha ukaandika tasnifu, hadithi ni ya nani? Watafiti wa kifeministi wamelumbana kuhusu swali hili kwa miongo kadhaa. Mimi naliona kuwa swali la lugha kwanza, la nadharia baadaye.

Katherine Borland, mtafiti wa fasihi simulizi kutoka Marekani, alimrekodi nyanyake, Beatrice Hanson, mwaka wa 1986. Ajuza huyo alisimulia siku moja ya 1944 alipokwenda na babake kutazama mbio za farasi mjini Bangor, jimbo la Maine. Alijichagulia farasi, babake akampinga, naye akashikilia lake, akabeti, akashinda. Borland akaona humo mwanamke anayepigania nafasi katika uwanja wa wanaume. Akaandika uchanganuzi, akampelekea nyanya ausome.

Lo! Ilirudi barua ya kurasa 14. Nyanya alisema yeye si mfeministi, hayo mapambano ya wanawake hayakuwahi kumshughulisha, na kwamba hadithi sasa ilikuwa ya mjukuu, si yake tena. Borland hakuificha barua hiyo. Aliijadili waziwazi katika makala iliyotoka mwaka wa 1991, ndani ya kitabu Women's Words, pamoja na mazungumzo yao ya baadaye.

Ujasiri wa mjukuu nausifu, lakini namtazama zaidi nyanya. Aliweza kukataa kwa sababu aliusoma uchanganuzi, tena kwa lugha yake.

Je, wa kwetu? Mwaka wa 1989, Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha kwa Kiingereza masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, akiwemo Bi Kaje wa Mwenye Matano. Mna ndoa humo, mna utumwa pia, na Pwani nasaba ya utumwa ni jambo ambalo familia hulitaja kwa sauti ya chini. Miaka miwili baadaye likatoka toleo la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili. Basi hata jirani asiyejua Kiingereza angeweza kusema, "La, sivyo."

Siku hizi tasnifu zetu nyingi zina kurasa ambamo mtafiti anajitilia shaka: mimi ni nani hata nimsemee mama huyu? Shaka ya kweli hiyo, siibezi. Ila imeandikwa kwa Kiingereza, na anayeisoma ni msimamizi, mtu ambaye hakuhojiwa. Mama aliyehojiwa kwa Kigiriama au Kikamba ameachiwa mstari wa shukrani asioweza kuusoma. Ningependa apelekewe walau sura moja, ile ya uchanganuzi, kwa lugha aliyohojiwa kwayo, kabla ya siku ya kutetea tasnifu.